Filamu za Krismasi na Zawadi za Kazi ya Mikono: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Msimu ukikaribia, maswali huja kwa mafungu mawili: tutazame nini, na tumpe nani nini. Nimeyaweka pamoja kwa sababu kwangu yana jibu moja linalojirudia, nalo ni muda. Desturi ya kutazama haizaliwi siku moja, na kitu kilichotengenezwa kwa mkono hakikamiliki kwa kubonyeza kitufe. Anayeanza mapema ndiye anayefurahia vyote viwili.

KUTAZAMA

Kwa nini watu hurudia filamu ileile kila Krismasi, na mwisho wake wanaujua?

Wanairudia kwa sababu wanaujua. Mtoto aliyesimuliwa hadithi ya sungura mara kumi haombi nyingine. Anaitaka ileile, na msimulizi akiruka kipande anarudishwa nyuma. Ukisema "Paukwa" hakuna anayesubiri jibu jipya. Filamu ya sikukuu hufanya kazi hiyohiyo. Mara ya kwanza unafuata kisa. Mara ya tano unawatazama uliokaa nao: nani anaanza kucheka kabla kichekesho hakijafika, nani anajifanya kitu kimemwingia jichoni. Yule mdogo aliyekuwa akilala katikati, mwaka huu anafika mwisho. Filamu haijabadilika hata nukta, kwa hiyo mabadiliko yote unayoyaona ni ya nyumbani kwako.

Mazoea haya yana umri gani?

Yanakaribia umri wa sinema yenyewe. Mwaka 1898 Mwingereza George Albert Smith alipiga filamu fupi ya Santa Claus akiingia nyumbani kupitia bomba la moshi. Inachukua kama dakika moja tu, lakini ndani yake watoto wamelala chumbani huku paa la nyumba likionekana kwenye duara pembeni, picha mbili kwa pamoja, hila iliyokuwa ngeni kabisa wakati huo.

Redio ikafuata. Ibada ya masomo tisa na nyimbo za Krismasi katika kanisa la King's College, Cambridge, ilianza 1918 na ikatangazwa redioni kwa mara ya kwanza 1928. Mfalme George V alitoa salamu za Krismasi kwa redio mwaka 1932, na mwaka 1957 Malkia Elizabeth II akazitoa kwenye televisheni.

Kilichogeuza vipindi hivi kuwa desturi ni saa. Kabla ya kanda za video, kitu kilirushwa mara moja. Ukikikosa, subiri mwaka mwingine. Watu walimaliza kazi zao, wakaitana, wakakaa. Leo kila filamu inapatikana saa yoyote, na nadhani hapo ndipo tulipopoteza kitu. Huduma ya mtandaoni haitakupangia saa. Itabidi ujipangie.

Ni kweli filamu ya "It's a Wonderful Life" ilipotoka haikufanikiwa?

Kweli. Frank Capra aliipiga mwaka 1946, sehemu kubwa wakati wa joto la kiangazi, waigizaji wakiwa wamevaa makoti mazito. Ilipotoka Desemba mwaka huo, mapato ya kumbi za sinema hayakufidia gharama. Mwaka 1974 hakimiliki yake haikuhuishwa, na vituo vya televisheni vya Marekani vikajikuta na filamu ya Krismasi ya kuonyesha bila kulipia. Wakaionyesha mchana, usiku, mwaka baada ya mwaka, hadi kizazi kizima kikakua nayo. Katika miaka ya 1990 haki zake zilirudishwa mikononi mwa kampuni na maonyesho yakapungua, lakini watu walikwishaizoea.

Mimi ninachokipenda zaidi ndani yake ni theluji. Studio nyingi wakati huo zilitumia vipande vya nafaka vilivyopakwa rangi nyeupe, na vilikuwa vinalia chini ya viatu kiasi kwamba maneno ya waigizaji yalibidi yarekodiwe upya. Mafundi wa filamu hii walichanganya povu la kuzimia moto na sabuni na maji, wakalipuliza kwa feni, likaanguka kimyakimya. Kwa hiyo waigizaji waliweza kuzungumza katikati ya theluji na sauti zao zikabaki kama zilivyotoka. Ukiitazama mwaka huu, tega sikio pale mhusika mkuu, George, anapokimbia barabarani usiku.

Ina nakala zilizotiwa rangi baadaye. Chagua ile nyeusi na nyeupe.

Watu wa nchi nyingine wanatazama nini?

Utashangaa jinsi chaguo lilivyo la bahati. Uswidi, tarehe 24 Desemba saa tisa alasiri, mamilioni ya watu hukaa mbele ya televisheni kutazama mkusanyiko wa katuni za Donald Duck na wenzake, uliotengenezwa Marekani mwaka 1958. Mtangazaji huwasha mshumaa, kisha katuni zinaanza, na watu wazima wanayajua maneno kwa moyo.

Norwe wana filamu ya Cinderella iliyotengenezwa mwaka 1973 na Chekoslovakia pamoja na Ujerumani Mashariki. Ilipopelekwa Norwe, sauti zote zilisomwa na mwanamume mmoja, Knut Risan: binti, mama wa kambo, mwana wa mfalme, wote. Mgeni akisikia mara ya kwanza anadhani mitambo imeharibika. Wenyewe hawataki sauti nyingine.

Polandi wanaipenda "Home Alone" ya mwaka 1990 kiasi kwamba mwaka 2010, ilipokosekana kwenye ratiba, watazamaji walilalamika kwa maelfu na ikarudishwa.

Na kuna ule moto wa New York. Jioni ya tarehe 24 Desemba 1966, kituo cha televisheni cha WPIX kilisimamisha matangazo ya biashara na kuonyesha kuni zikiwaka kwenye meko kwa saa tatu, huku muziki wa Krismasi ukipigwa. Kilikusudiwa kuwa zawadi kwa wakazi wa maghorofa ambao hawana meko. Filamu ya kwanza ilipigwa katika nyumba rasmi ya meya, na kipande kilichorudiwarudiwa kilikuwa na sekunde 17 tu. Kilisimamishwa mwaka 1989. Desemba 2001, baada ya mashambulizi ya Septemba, kikarudishwa kwa watu waliohitaji kitu cha kuwatuliza.

Hakuna kamati iliyokaa ikaamua kwamba hizi ndizo filamu bora. Zilionyeshwa, zikarudiwa, zikaota mizizi.

Nataka kuanza desturi ya kwetu. Nianzie wapi?

Anza na moja. Kosa kubwa ninaloliona ni orodha ya filamu ishirini na tano, moja kila siku kuanzia tarehe mosi. Kufikia tarehe sita watu wamechoka, mmoja ana mtihani, mwingine anarudi kazini usiku, na orodha imegeuka deni. Chagua filamu moja, siku moja, saa moja. Mwaka wa pili irudie hata kama wamenuna. Mwaka wa tatu wao ndio watakaokukumbusha.

Kisha ongeza kitendo kidogo kinachofungua jioni hiyo, kila mwaka kilekile. Waswidi wana mshumaa wao. Nyinyi mnaweza kuwa na blanketi linalotolewa sandukuni siku hiyo tu, au mdogo kuliko wote ndiye azime taa. Kitendo hicho ndicho watoto hukumbuka. Ukimuuliza mtu mzima kuhusu filamu za utotoni mwake, mara nyingi kisa amekisahau, ila anakumbuka alikaa wapi na mto upi.

Simu? Ziwekwe kwenye kikapu mlangoni. Najua ni vigumu. Mwenye nyumba aanze na yake.

Mkitaka kuchagua filamu mpya pamoja, kila mtu aandike jina moja kwenye kikaratasi, mchanganye, avute mtoto. Itakayovutwa ndiyo itakayotazamwa, hakuna rufaa. Tumefanya hivi miaka kadhaa na ugomvi wa rimoti umekwisha.

Tuna watoto wadogo na wazee chumba kimoja. Nini kinawafaa wote?

Filamu fupi. Mtoto wa miaka minne hana saa mbili ndani yake, na mzee mwenye maumivu ya mgongo pia hana. Vipindi vya nusu saa vya miaka ya 1960 vilitengenezwa kwa televisheni na vinatosha. "A Charlie Brown Christmas" ilirushwa mara ya kwanza tarehe 9 Desemba 1965. Wakubwa wa kituo walikuwa na wasiwasi nayo, kwa sababu ina muziki wa jazi, haina vicheko vya kubandikwa, na sauti ni za watoto halisi, baadhi yao wadogo mno kujua kusoma, hata walikuwa wakitajiwa maneno kidogokidogo. Mashaka hayo yote ndiyo yaliyoifanya isizeeke.

Pendekezo langu jingine ni filamu za vikaragosi. Ile ya Rudolph, kulungu mwenye pua nyekundu, ya mwaka 1964 ilipigwa picha Japani, vikaragosi vikisogezwa kwa mkono, picha moja, kisha kusogeza kidogo, picha nyingine. Sekunde moja ya filamu ina picha 24. Mweleze mtoto hivyo, mpe kikaragosi chake na simu ya kupigia picha, na mchana wa kesho hutamsikia akisema amechoka kukaa.

Kwa filamu ndefu, angalieni umri ulioandikwa kabla ya kuanza. Neno "Krismasi" kwenye jina la filamu halimaanishi inafaa watoto.

Mwaka huu tumefiwa. Tutazame ile ya kila mwaka, au tuiache?

Waulize walio karibu zaidi na msiba, na uwaulize mapema, si wakati taa zimeshazimwa. Wapo wanaotaka kila kitu kibaki kama alivyokiacha marehemu, na wapo ambao muziki wa mwanzo tu unawavunja. Yote mawili ni sawa. Mkiamua kutazama, mwacheni anayetaka kutoka atoke bila kuulizwa. Mkiamua kuacha, filamu itawasubiri. Njia ya tatu, ambayo nimeiona ikifaa, ni kuanza nayo na kuruhusiana kuizima katikati, mkazungumza.

Kwa nini filamu ya zamani inaonekana kama tamthilia ya mchana kwenye televisheni yangu mpya?

Televisheni inabuni picha za katikati ili mwendo uonekane laini. Filamu nyingi zilipigwa kwa picha 24 kwa sekunde na zinapendeza hivyohivyo. Ingia kwenye mipangilio ya picha, tafuta sehemu ya kulainisha mwendo, izime, au chagua mpangilio wa sinema. Fanya hivyo siku moja kabla, wageni wasikusubiri.

Ndugu wako mbali. Tunaweza kutazama pamoja?

Mnaweza. Kila upande uwe na nakala yake, pigianeni simu, hesabuni tatu, mbili, moja, bonyezeni pamoja. Acheni simu wazi kwa sauti ya chini. Kama tofauti ya saa ni kubwa, chagueni kitu cha nusu saa ili asiwepo wa kukesha.

ZAWADI ZA KAZI YA MIKONO

Nitajuaje kama kitu kimetengenezwa kwa mkono kweli?

Kishike, kisha kigeuze. Picha ya mtandaoni haitoshi. Omba picha ya chini, ya ndani na ya mishono.

Nina kikombe cha udongo ambacho nakitumia kila asubuhi. Ndani yake kuna mistari ya mzunguko iliyoachwa na vidole wakati udongo ukipanda juu ya gurudumu la mfinyanzi. Pale kishikio kinapoungana na kikombe, chini, kuna kibonyeo kidogo cha dole gumba. Dole gumba langu halikai sawasawa pale, kwa sababu la mfinyanzi lilikuwa jembamba zaidi. Kiwanda hakiwezi kukupa kitu hicho.

Linganisha viwili vya aina moja. Vya mkono ni ndugu, si mapacha: kimoja kina kiuno kidogo, kingine kimeegemea kushoto kwa unywele. Ukikuta "kasoro" ileile, mahali palepale, kwenye kila kimoja, hiyo kasoro ilipangwa kiwandani.

Kwenye ngozi, tazama mshono. Fundi wa mkono hutumia sindano mbili, na kila tundu hupitiwa kutoka pande zote mbili, hivyo uzi ukikatika mahali pamoja upande wa pili bado unashika. Mshono wa cherehani ukikatika huweza kufumuka mstari mzima. Kwenye kikapu, tafuta alipoanzia msukaji na alipomalizia; miisho ya ukili huwa imechomekwa ndani kwa uangalifu. Kwenye kroshia jambo ni rahisi zaidi, maana viwanda havina mashine inayoiga mshono wake barabara. Ukiona kroshia halisi kwa bei ya kutupwa, ujue kuna mtu mahali fulani amepunjwa.

Na uliza. Nani ametengeneza? Kwa malighafi gani? Imechukua muda gani? Anayeuza kazi yake mwenyewe hujibu kabla hujamaliza swali, na mara nyingi hukueleza zaidi ya ulichouliza.

Mbona bei iko juu kuliko ya dukani?

Kaa karibu na fundi saa moja, utaacha kuuliza. Skafu ya kawaida iliyofumwa kwa sindano huchukua jioni nyingi. Sahani ya udongo hutengenezwa, hukaushwa polepole isipasuke, huchomwa tanuri la kwanza, hupakwa dawa ya kung'arisha, huchomwa tena, na katika kila hatua baadhi huharibika. Bei ya iliyopona imebeba na zile zilizopasuka. Kama bajeti ni ndogo, nunua kitu kidogo cha fundi mzuri badala ya kikubwa cha fundi anayeharakisha. Kijiko kimoja cha mti kilichochongwa vizuri kinampendeza mtu kuliko seti ya sita inayochomoza vibanzi.

Je, ni vibaya kuomba kupunguziwa?

Ukinunua vingi, kuuliza si kosa. Kwa kimoja ningeomba uache. Kama bei haikufai, mwambie fundi kiasi ulichonacho na umuulize anaweza kutengeneza nini kwa hicho. Swali hilo humpa kazi na kumwachia heshima yake.

Niagize lini ili kiwahi?

Mapema kuliko unavyodhani, na sababu ziko ndani ya kazi yenyewe. Sabuni ya mkono iliyotengenezwa kwa mafuta na kostiki soda bila kupikwa inahitaji wiki 4 hadi 6 za kukauka na kukomaa baada ya kukatwa. Iliyomiminwa tarehe mosi Desemba haiwi tayari Krismasi. Anayekuuzia hiyo anakuuzia mche mlaini utakaoyeyuka bafuni kwa siku chache. Udongo una kukauka na matanuri mawili. Mbao zisizokauka vizuri hupinda na kupasuka baada ya kufika kwa mpokeaji. Ukitaka jina lichongwe au rangi ibadilishwe, ongeza wiki nyingine.

Mwezi Septemba au Oktoba ni wakati mzuri wa kuzungumza na fundi. Novemba bado inawezekana. Desemba nunua alichokwisha kutengeneza, wala usimshinikize akeshe. Fundi akikwambia "haitawahi," mshukuru, huyo ni mkweli.

Niliwahi kuagiza bakuli tarehe 10 Desemba na kusisitiza sana. Lilifika tarehe 23, zuri kwa macho, na Januari likaanza kuvuja kwenye ufa mwembamba. Lilikaushwa haraka. Kosa lilikuwa langu, nilimharakisha mtu asiyepaswa kuharakishwa.

Nampa nini mtu anayependa jioni za filamu?

Fikiria jioni yake ilivyo. Anakaa wapi, miguu anaiweka wapi, mikono yake inashika nini? Hapo majibu yanakuja yenyewe.

Mwenye kuhisi baridi, mpe blanketi la sufu lililofumwa, refu la kufunika vidole vya miguu akiwa ameketi. Pima kochi lake kwa siri. Mwenye kunywa kitu cha moto, mpe kikombe kizito chenye mdomo mwembamba na kishikio kinachoingia vidole vitatu. Kizito hakipoi upesi. Anayelala katikati ya filamu anastahili mto uliojazwa vizuri. Anayekaa sakafuni, mkeka uliosukwa au kigoda cha kuegemea. Anayekusanya tiketi na mabango, fremu ya mbao iliyoungwa na seremala kwa kipimo cha karatasi anayoipenda. Na kwa yule mpangaji wa filamu katika familia, daftari lililofungwa kwa uzi, jalada la ngozi, la kuandika kila mwaka walichotazama.

Zawadi inayotumika jioni ileile ina raha ya pekee. Mpe asubuhi, aione kazi yake usiku.

Mishumaa je?

Ni zawadi nzuri, ila itendee haki. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64, ina harufu yake ya asali na haihitaji manukato. Nta ya soya ni laini zaidi, kwa kawaida humiminwa kwenye chombo. Uliza utambi umetengenezwa kwa nini, na harufu ni kali kiasi gani, maana chumba kilichofungwa chenye watu wanane si mahali pa mdalasini mzito.

Mara ya kwanza kuuwasha, uache uwake mpaka nta ya juu iyeyuke yote hadi kingo, la sivyo utachimba shimo katikati kila mara. Kabla ya kuwasha tena, kata utambi ubaki kama milimita 6. Usiuache zaidi ya saa nne, usiuweke karibu na pazia wala mti wa Krismasi, na filamu ikiisha hakikisha umezimwa kabla ya mtu yeyote kulala.

Vyombo vya udongo ni salama kwa kulia na kunywea?

Vingi ni salama, lakini ni lazima uulize. Dawa za kung'arisha za zamani na za kienyeji nyingine huwa na risasi, yaani ile metali yenye sumu, nayo hupenya kwenye vinywaji vyenye uchachu. Fundi makini anajua dawa yake ina nini. Asipojua, kinunue kama pambo na umwambie hivyo unayempa. Vyombo vilivyochomwa kwa nyuzi joto zaidi ya 1,200 huwa vigumu na havinywi maji. Vya moto mdogo hunywa maji, hivyo visilowekwe.

Nataka mapambo ya mti yaliyotengenezwa kwa mkono. Nitafute nini?

Hapa kuna historia ndefu. Soko la Krismasi la Dresden, Striezelmarkt, limekuwepo tangu 1434. Katika mji wa Lauscha, Ujerumani, wapuliza kioo wa karne ya 19 ndio waliosambaza yale matufe ya kioo duniani, wakifanya kazi majumbani, familia nzima, mmoja anapuliza, mwingine anapaka fedha ndani, mtoto anafunga kamba. Milima ya Ore, hukohuko Ujerumani, na hasa kijiji cha Seiffen, inajulikana kwa vitu vya mbao: askari wa kupasulia njugu, wanasesere wanaotoa moshi wa ubani. Napoli, Italia, wana mtaa mzima, Via San Gregorio Armeno, wa mafundi wa sanamu za pango la Bethlehemu. Krakow, Polandi, wanatengeneza mapango yanayofanana na makanisa ya mji wao, kazi iliyoingizwa mwaka 2018 kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Ushauri wangu: mpe kila mtoto pambo moja kila mwaka, lenye mwaka umeandikwa nyuma. Akihamia kwake ana mti uliokwisha kuvaa. Kwa nyumba yenye mtoto mchanga, kioo kisubiri. Chagua mbao, kitambaa au sufu, na vipande vidogo vinavyobanduka visimfikie aliye chini ya miaka 3.

Sina ujuzi wowote. Naweza kutengeneza zawadi mwenyewe?

Unaweza, na filamu itakusaidia. Kufuma mshono ule wa kwanza anaofundishwa kila mtu hakuhitaji macho baada ya jioni chache. Skafu yangu ya kwanza niliifuma nikitazama filamu moja ileile kwa siku kadhaa, na mpaka leo kuna safu imebana kuliko nyingine, pale kisa kinapotisha. Aliyepewa aliigundua mwenyewe, akaniuliza, nikamwonyesha tukio lenyewe.

Kama sindano zinakushinda, tengeneza kadi. Kadi ya Krismasi ya kwanza kuuzwa ilikuwa ya Henry Cole, London, mwaka 1843. Zilichapwa nakala 1,000 na kupakwa rangi kwa mkono. Yako itakuwa moja tu. Andika ndani jambo moja mahsusi ambalo mtu huyo alilifanya mwaka huu na ukaliona. Nimewahi kuona zawadi ya gharama imewekwa pembeni na kadi inasomwa mara ya pili.

Nifunge kwa nini?

Kitambaa. Wajapani wana furoshiki, kitambaa cha mraba kinachofungwa kwa fundo na kurudi kutumika. Khanga, leso au kipande cha pazia la zamani kilichopigwa pasi kinatosha, nacho chenyewe kikawa zawadi ya pili. Karatasi inayometameta mara nyingi hairejelezwi: ifinyange mkononi; ikirudi kujinyoosha, ina plastiki.

Vitunzwe vipi baada ya sikukuu?

Mwandikie mpokeaji mistari miwili ya matunzo, aikute ndani. Sufu ioshwe kwa maji ya baridi bila kusuguliwa, maana joto na msuguano huifanya isinyae na kugandamana. Ianikwe kwa kulazwa juu ya taulo. Chombo cha mti kisilowekwe wala kuingizwa kwenye mashine ya kuoshea. Kipakwe mafuta ya madini yanayofaa kwa vyombo vya chakula kikianza kupauka. Vito vya fedha ya 925, yaani yenye asilimia 92.5 ya fedha halisi, vihifadhiwe kwenye mfuko uliofungwa. Mapambo ya kioo yakae kwenye trei za mayai, juu ya boksi, kamwe si chini.

Juu ya boksi hilo, kabla hujalifunga Januari, weka kipande cha karatasi: tumetazama nini, nani alikuwepo, nani alilala wa kwanza. Andika kwa penseli. Wino wa aina nyingi hupauka.